Emuleta ya Android kwa mashine za kupimia kahawa: nilivyoiona msimu mmoja

Mbozi ukitaja CPU, usidhani mtu atafikiria ubongo wa kompyuta. Kule CPU ni mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Jioni wakulima wanapanga foleni na mifuko yao, karani anapima, mkulima anapewa risiti, na usiku ule ule kahawa inamenywa. Mara ya kwanza nilipompigia simu karani wa chama kimoja cha msingi nikamwambia, "Nahisi programu inailemea CPU," alinijibu kwa upole kabisa: "Hapana dada, CPU haijalemewa, leo tumepokea mzigo mdogo."

Kazi yangu ni kuandika programu za mashine za mkononi, zile zenye skrini kama ya simu, skana ya kusoma kadi, na printa ndogo ya risiti humo humo. Watoza ushuru wa halmashauri wanatembea nazo, watu wanaziita POS tu. Mimi niko Mwanjelwa, Mbeya mjini, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Mashine za mteja ziko Mbozi, kilomita kama 70. Chama kilikuwa nazo tatu, na kwa kuwa msimu ulikuwa unakaribia, walikubali kuniazima moja kwa siku mbili, basi. Siku mbili zikaisha. Baada ya hapo kila nilipobadilisha mstari mmoja wa msimbo ilibidi nipande basi kwenda kuujaribu, au nitume faili kwa simu na kumwomba karani anisomee kilichotokea kwenye skrini. Karani ni mtu mwema lakini ana foleni.

Ndipo nikaigeukia emuleta, ile inayokuja na Android Studio, programu ya Google ya kuandikia programu za Android. Hailipiwi. Inatengeneza ndani ya laptopu yako mashine nzima ya Android ya kuigiza: skrini, betri, mtandao, GPS, kamera. Kiini chake ni QEMU, programu huria ya siku nyingi ya kuigiza maunzi. Watu wengi hapa wanaijua kama simu ya kuchezea magemu kwenye kompyuta. Mimi nimeitumia msimu mzima kwa mashine ya kazi, na nimeona watu wakiisifu au kuiponda bila kusema wameitumia kwa kitu gani, kwa hiyo nitasema.

Tuanze na machungu ya kuiweka. Laptopu yangu ni ya mtumba, Core i5, RAM GB 8. Inatosha, ila kwa shida: Android Studio ikiwa wazi, emuleta ikiwa wazi, na kivinjari chenye kurasa tatu, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mwezi wa sita, kwa baridi ya Mbeya, nilikuwa naweka viganja pembeni ya tundu la feni kuota moto, sitanii. Andaa bando kubwa, kwa sababu ukishapakua Android Studio utapakua tena mfumo wa Android utakaouigiza, na kila toleo unalopakua lina uzito wake. Nilifanya kosa la kupakua matoleo matano "kwa ajili ya baadaye". Hiyo baadaye haijafika.

Kabla ya yote, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta unayoifungua kabla Windows haijawaka, uwashe uwezo wa kompyuta kuendesha kompyuta nyingine ndani yake. Kwa Intel unaitwa VT-x, kwa AMD mara nyingi umeandikwa SVM. Laptopu nyingi za mtumba zinakuja umezimwa, na bila huo emuleta inatambaa kama konokono mpaka unakata tamaa na kuilaumu bure. Maelekezo mengi ya zamani yatakuambia uweke HAXM ya Intel, programu ya kuipa emuleta mbio. Achana nayo, Intel walishaacha kuiendeleza mwaka 2023. Kwenye Windows washa kipengele cha Windows Hypervisor Platform, kisha andika amri ya emulator -accel-check ikuambie kama mambo yamekaa sawa. Mimi nilipoteza siku mbili hapa.

Baada ya hapo raha ikaanza. Unaweza kuunda umbo la mashine yako mwenyewe badala ya kuchagua simu zilizopo. Niliipa skrini ya pikseli 720 kwa 1440, RAM ya GB 1 tu, Android 7.1, bila huduma za Google, kwa sababu mashine za mteja hazina hizo huduma. Huo uchoyo wa RAM ulinisaidia siku ile ile ya kwanza. Orodha ya wakulima niliyokuwa naipakia yote kwa mkupuo, ambayo kwenye simu yangu ilifunguka bila wasiwasi, humo iliganda. Nikaigawa vipande. Hilo lingenikuta kwenye foleni ya jioni, sijui ningeficha wapi uso.

Skana nayo ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kwenye mashine halisi, skana ikisoma kadi, inaandika namba ya mkulima kana kwamba mtu ameipiga kwenye kibodi, kisha inabonyeza Enter. Basi na mimi kutoka kwenye laptopu natumia adb, chombo cha kuipa Android amri kutoka kwenye kompyuta: natuma adb shell input text na namba ya kadi, halafu input keyevent 66, ambayo ndiyo Enter. Nikaandika faili dogo la kutuma kadi 200 mfululizo, haraka kuliko karani yeyote duniani. Kwenye kadi ya arobaini na kitu programu ilichanganyikiwa: kilo za mkulima mmoja zilikaa kwenye jina la anayemfuata, kwa sababu kadi mpya iliingia kabla ya ile ya kwanza haijamaliza kuhifadhiwa. Nilikaa nikaitazama ile skrini muda mrefu. Kilo za mtu ni hela ya mtu, na huko kijijini ukishachanganya kilo mara moja, hata ukirekebisha, hutaaminika tena msimu huo.

GPS pia ipo. Programu inaweka alama ya mahali kila mzigo unapopimwa, kwa hiyo nilitaka mashine yangu ya kuigiza "iende" Vwawa, huko Mbozi, huku mimi nikiwa Mwanjelwa na kikombe cha chai. Kuna amri ya geo fix. Nikaandika kama nilivyozoea kusoma ramani, latitudo kwanza, longitudo baadaye. Ramani ikanionyesha niko baharini, mbele kidogo ya pwani ya Moroko. Amri hiyo inataka longitudo kwanza: 32.9 halafu -9.1. Nimeandika hapa ili usiwe mvuvi kama mimi.

Upande wa mtandao inasifika, lakini kuna mtego. Unaweza kuiambia iwe kwenye EDGE, mtandao wa simu wa kizamani, na itachelewesha kila kitu kati ya milisekunde 80 na 400, au uishushe hadi GPRS, wa kizamani zaidi, kilobiti 57.6 kwa sekunde wakati wa kupokea, ambayo kwa baadhi ya vijiji ninavyovijua ni siku nzuri. Niliijaribu, nikazima data kabisa, nikabonyeza kutuma. Ikatuma. Nikazima tena. Ikatuma tena! Nilidhani nimetengeneza muujiza. Kumbe ndani ya emuleta kuna WiFi ya kuigiza iitwayo AndroidWifi, imeunganishwa muda wote na intaneti ya laptopu yako, na ukikata data ya simu yenyewe haijali. Izime kwanza ndipo ujaribu mambo ya mtandao mbovu. Kama hujui hili utajisifu kwamba programu yako inavumilia kukatika kwa mtandao kumbe haujawahi kukatika.

Tarehe ni jambo lingine dogo lililoniokoa. Mashine iliyokaa stoo hadi betri ikafa kabisa inaweza kuamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1970. Kwenye emuleta isiyo na Google Play unaweza kuingia kwa mamlaka yote na kurudisha saa nyuma. Nilifanya hivyo, na programu yangu ikakubali kupima kahawa ya mwaka 1970 bila kuuliza swali. Sasa inakataa na kumwomba karani arekebishe tarehe.

Sasa tuje kwenye printa, kwa sababu hapo ndipo sifa zinapungua.

Emuleta haina printa. Usiitegemee pia kuchomeka kitu cha nje kwa USB, wala kuongea kwa Bluetooth na mizani yako iliyoko mezani. Mbaya zaidi, maktaba ya kuchapisha, yaani msimbo uliotengenezwa tayari niliopewa pamoja na mashine, imetengenezwa kwa ajili ya chipu za ARM, zile za simu, na emuleta kwenye laptopu ya Intel inaendesha Android ya x86, aina ya chipu za Intel. Matokeo yake programu ilikuwa inaanguka hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kaka aliyenifundisha kazi hii, ambaye alianzia kwenye mashine za Windows CE, mfumo wa zamani wa Microsoft wa vifaa vidogo, alinicheka. Enzi zao walikuwa na Device Emulator ya Microsoft, toleo la 3.0 lilikuja na Visual Studio 2008, na ile iliigiza chipu ya ARM yenyewe. Ilikuwa ya polepole, anasema, lakini unaweza hata kuiweka kwenye kitako cha kuigiza, kama kile cha kuunganishia kifaa na kompyuta, na kompyuta ikaamini umechomeka kifaa cha kweli. "Ninyi mmepata mbio mkapoteza ukweli," ananiambia. Ana kawaida ya kutia chumvi, lakini kwa hili nilimkubalia nusu.

Nilichofanya ni kuitenga printa. Programu inaita printa kwa njia moja tu, na nyuma ya pazia, ikiwa iko kwenye mashine halisi inatumia maktaba ya ARM, ikiwa iko kwenye emuleta inatuma baiti zilezile kwa mtandao kwenda anuani ya 10.0.2.2. Hiyo ndiyo anuani ambayo emuleta inaiona kama laptopu yako yenyewe. Upande wa laptopu nikaandika programu ndogo inayopokea hizo baiti na kuchora risiti kwenye dirisha. Karatasi ya milimita 58 ina nukta 384 kwa upana, na kwa herufi ya kawaida ya nukta 12 unapata herufi 32 kwa mstari. Wakulima wenye majina matatu marefu wakaanza kumwagika mstari wa pili na kusukuma kilo nje ya safu yake. Nikarekebisha kwa siku moja bila kupoteza hata sentimita ya karatasi. Mpaka hapo nilikuwa najiona mjanja.

Betri. Kwenye emuleta kuna kitelezi cha betri, unakivuta kutoka 100 hadi 0 upendavyo. Nilikivuta hadi 3, nikachapisha risiti kumi. Zote zikatoka. Nikaandika kwenye daftari: betri, imepita.

Wiki ya pili ya msimu, saa moja usiku, simu. "Dada, mashine yako imetoa risiti mbili kwa mzigo mmoja. Na moja ni nusu." Kilo 46.5 za mzee mmoja zilikuwa zimeingia mara mbili, namba mbili tofauti za risiti. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, nashukuru, maana angeweza kunyamaza. Asubuhi nikapanda gari. Kufika, mwenyekiti wa chama, mzee wa heshima zake, akanipokea: "Binti, ulituambia umeipima." Nikamwambia shikamoo tu, nikakosa la kuongeza.

Kilichotokea ni hiki. Kichwa cha printa ya joto kinavuta umeme mwingi kwa mpigo kila kinapochoma mstari. Betri ikiwa na chaji kidogo, na jioni ina baridi, haiwezi kutoa umeme huo, volti zinashuka ghafla na mashine inazimika ikiwa imefika katikati ya risiti. Skrini ilikuwa inasoma asilimia 14. Ilipowashwa, programu yangu ikaona mzigo uliohifadhiwa lakini haujachapishwa, ikauandika upya kwa namba mpya na kuuchapisha. Kosa ni langu, namba ilitakiwa itolewe mara moja wakati wa kupima na isiguswe tena. Lakini kile kitelezi cha emuleta ni tarakimu tu. Hakina volti wala baridi, na hakuna kitu kinachovutwa. Programu inaambiwa "betri ni 3", inaitikia "sawa", maisha yanaendelea.

Hapo ningeweza kuishusha nyota mbili na kumaliza. Lakini niliporudi Mwanjelwa, kitu kilichoniwezesha kurekebisha ni hiyo hiyo emuleta, kwa sababu huwezi kukaa unazima mashine ya mteja mara mia mbili kwenye mstari wa tisa wa risiti. Niliifundisha printa yangu ya kuigiza kuua emuleta ikifika mstari wa tisa. Nikaiwasha tena kuona programu itafanya nini. Haikufanya chochote kibaya! Risiti ikaendelea pale pale ilipoishia. Nikajaribu tena, vilevile.

Ikanichukua mchana mzima kuelewa. Emuleta ina ustaarabu. Ukiifunga kwa amri yake ya adb emu kill, inaaga kwanza: inahifadhi picha ya kumbukumbu yote ilivyokuwa, na ukiiwasha inarudi pale pale kama mtu aliyesinzia. Mashine ya kweli haiagi. Inabidi uiwashe kwa -no-snapshot, halafu uiue kikatili kutoka kwenye orodha ya michakato ya Windows. Nilipofanya hivyo, kosa la Mbozi likajitokeza mezani kwangu mara ya kwanza tu, risiti mbili, moja nusu. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kosa. Nikalirekebisha, kisha nikaiacha laptopu iue na kuwasha usiku kucha, kila mara kwenye mstari tofauti. Umeme ulikatika saa tisa usiku, betri ya laptopu ikamalizia kazi ya mauaji yenyewe. Asubuhi nikahesabu: hakuna namba iliyojirudia.

Hizo picha za kumbukumbu, kwa njia, ndizo kitu ninachokipenda kuliko vyote ukishajua zinavyofanya kazi. Ninayo moja ya mwisho wa mwezi ikiwa na mizigo elfu kadhaa ndani, nyingine ya mashine mpya kabisa isiyo na kitu, nyingine yenye risiti iliyokwama. Nabofya, niko pale.

Mambo ambayo emuleta haitakuonyesha kamwe, na nimeyaona kwa macho: kidole chenye ulimbo wa kahawa mbivu hakikubaliwi na skrini. Jua la saa nane linaifuta rangi ya kijivu niliyoipenda sana kwenye kompyuta. Karatasi ikiingia unyevu maandishi yanapauka. Na karani wa kweli hasomi ujumbe wa onyo, anabonyeza kitufe cha kijani chochote kitakachotokea. Nilibadilisha rangi, nikakuza vitufe, nikaondoa maonyo matatu kati ya manne.

Alama yangu ni 4 kati ya 5 kwa kazi ya namna hii. Moja nimeikata kwa ajili ya WiFi ile ya kimyakimya na kwa kitelezi cha betri, ambacho kingepaswa angalau kuandikwa pembeni kwamba ni cha mapambo.

Kama laptopu yako ina RAM ya GB 4, usijitese. Chukua simu ya zamani ya Android, ichomeke kwa kebo, uijaribie humo, amri zile za skana zinafanya kazi vilevile. Na kama una GB 8 au zaidi, iweke emuleta, ila omba chama wakuachie hata mashine moja mbovu. Mimi waliniachia ile ya risiti mbili. Iko hapa mezani kando ya laptopu, na huwa siichaji ikavuka asilimia 15.